Namba 4,294,967,297 na Mizani ya Istilahi Zetu

Istilahi nyingi hutufikia zikiwa zimepangwa katika orodha: neno la kigeni upande mmoja, neno la Kiswahili upande wa pili. Orodha ni chombo cha lazima, na mtafsiri asiyekuwa nayo hupapasa gizani. Lakini chombo hicho kina udhaifu wake. Ndani ya orodha neno husimama peke yake. Halijabebeshwa mzigo, wala halijakutana na maneno jirani yake. Neno linalopendeza katika orodha laweza kulegea mara liingizwapo katika sentensi, na neno linalolaumiwa kwa sura yake laweza kufanya kazi kwa uaminifu mkubwa.

Katika makala haya tunakusudia kuzipima istilahi za namba kwa kuzipa kazi. Tumechagua namba nzima moja, 4,294,967,297, ambayo sifa zake zinajulikana vema katika historia ya hisabati. Tutaieleza kwa Kiswahili, na pale maelezo yatakapokwama tutauliza kama kosa ni la istilahi, la mafunzo, au la sarufi tunayoitumia bila kuiangalia. Istilahi tunazozihakiki ni zile za shule za msingi za Tanzania, ambako hisabati imefundishwa kwa Kiswahili tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Si maneno ya majaribio tena. Yamekwisha pita katika midomo ya vizazi kadhaa vya wanafunzi.

Namba yenyewe

Namba hii hupatikana kwa kuzidisha 2 kwa yenyewe hata itokee mara 32, kisha kuongeza 1. Kwa alama, ni 2³² + 1. Mwaka 1640 Pierre de Fermat, Mfaransa aliyekuwa mshauri katika mahakama kuu ya Toulouse, alieleza imani yake kuhusu namba za aina hiyo. Alikuwa ameziona 3, 5, 17, 257 na 65,537, ambazo kila moja ni 2 iliyopandishwa kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, kisha ikaongezewa 1. Zote tano ni namba tasa. Fermat aliamini kwamba zitakazofuata zitakuwa tasa pia. Inayofuata ndiyo 4,294,967,297.

Mwaka 1732 Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi katika chuo cha wanazuoni cha Saint Petersburg, alionyesha kwamba namba hiyo si tasa. Ni zao la 641 na 6,700,417. Tangu hapo wanahisabati wamezichunguza namba nyingine nyingi za mfuatano huo, na mpaka sasa hakuna hata moja iliyojulikana kuwa tasa baada ya 65,537.

Msomaji asidhani kwamba haya ni mambo ya kale yasiyogusa ofisi. Kompyuta inayotunza namba kwa biti 32 huweza kutaja namba kuanzia 0 hadi 4,294,967,295, wala haipiti hapo. Namba 65,537 hutumika sana katika mfumo wa usimbaji uitwao RSA, unaolinda mawasiliano ya intaneti, na usalama wa mfumo huo unategemea ugumu wa kupata vigawo vya namba kubwa mno. Mtumishi anayetafsiri sheria au mwongozo wa usalama wa mitandao hukutana na namba tasa na vigawo vyake, apende asipende.

Witiri, shufwa na tasa

Tuanze na sifa nyepesi. Namba yetu huishia na tarakimu 7. Kwa hiyo haigawanyiki kwa 2, nayo ni witiri. Ikipunguzwa 1 huwa shufwa. Maneno haya mawili yalitoka katika Kiarabu, na Waislamu wa pwani waliyajua kwa njia ya ibada kabla hayajaingia katika vitabu vya hesabu; neno la kwanza ni jina la sala inayojulikana na wengi. Yamefanya kazi yake bila kulegea. Hayafanani kwa sauti, hayana maana nyingine inayoingilia hesabu, na mwanafunzi akishayajua hayachanganyi. Hiyo ndiyo sifa ya istilahi njema.

Neno tasa lina mashaka zaidi. Katika lugha ya kawaida tasa ni mwanamke au mnyama jike asiyezaa. Waliolichagua waliangalia tendo la kugawa: namba kama 641 haikubali kugawanyika ikatoa sehemu ndogo zilizo sawa, isipokuwa kwa 1 au kwa yenyewe, kwa hiyo haizai. Sitiari hiyo inaeleweka. Hata hivyo ukiitazama namba kubwa kwa upande wa kuzidisha, sitiari inageuka juu chini. Namba 641 na 6,700,417, ambazo zote mbili ni tasa, ndizo zilizoizaa 4,294,967,297. Kila namba nzima iliyo kubwa kuliko 1, kama yenyewe si tasa, ni zao la namba tasa, na kwa njia moja tu. Hivyo namba tunazoziita tasa ndizo wazazi wa namba nyingine zote. Kilichokosekana kwao si watoto bali ni wazazi. Kiarabu na lugha za Ulaya zilichagua picha tofauti, ile ya namba iliyo ya kwanza au ya asili, nayo haina mgongano huu.

Je, neno liondolewe? Wapo wanaosema liondolewe, tena si kwa sababu ya hesabu tu bali kwa sababu neno hilo hutumika kuwadhalilisha wanawake. Hoja hiyo ni nzito na haifai kupuuzwa. Lakini istilahi iliyokwisha kaa vitabuni na vichwani haiondolewi kwa kosa la asili yake peke yake. Huondolewa inapowapotosha watumiaji katika kazi. Ushahidi wa kazi hauonyeshi upotofu huo: anayesoma kwamba 641 ni namba tasa hakosei maana hata kidogo. Kwa maoni yetu neno libaki, ila mwalimu awaeleze wanafunzi wake kwamba picha iliyomo inahusu kugawa, isije ikawafunga macho wasione kwamba kwa kuzidisha namba hizo ndizo chimbuko. Pengo lililopo ni jingine: namba isiyokuwa tasa haina jina moja lililokubaliwa na wote, nasi hulazimika kusema “namba isiyo tasa” kila mara, ingawa namba 1 haimo katika kundi lolote kati ya hayo mawili. Hilo ni la kufanyiwa kazi.

Kigawo na kigawe

Sasa tupime maneno mazito zaidi. Kuijua 4,294,967,297 kwa kujaribu tu ni kazi ya kuchosha. Kipeuo chake cha pili kinazidi 65,536 kwa kiasi kidogo mno; kwa hiyo anayetaka kuhakikisha kwamba ni tasa atapaswa kujaribu kuigawa kwa namba tasa zote zisizozidi 65,536, nazo ni 6,542. Euler baadaye alithibitisha kanuni inayopunguza kazi hiyo. Kwa Kiswahili kanuni yenyewe ni hii: kila kigawo tasa cha namba hii ni sawa na kigawe cha 64 kilichoongezewa 1.

Sentensi hiyo ni fupi na ni kweli. Kwa kuifuata, namba tasa za kujaribu zinakuwa 193, 257, 449, 577 na 641. Ya tano ndiyo inayogawanya bila baki. Lakini mpiga chapa akibadilisha herufi moja tu, akaandika “kila kigawe” mahali pa “kila kigawo”, ukweli wote umepotea, na msahihishaji asiyejua hisabati hataona kosa lolote. Maneno mawili yaliyo kinyume, yanayotofautiana kwa irabu ya mwisho tu, yamewekwa katika sentensi moja. Hapa wahakiki wengi husimama na kusema kwamba istilahi hizi ni mbovu.

Sisi hatukubaliani nao. Ukizichunguza kwa sarufi ya Kiswahili, zimeundwa kwa kanuni ambayo kila mzungumzaji anaitumia. Kiishio -e katika majina kadhaa yatokanayo na vitenzi huonyesha kile kilichotendwa: mtume ni aliyetumwa, kiumbe ni kilichoumbwa, mteule ni aliyeteuliwa. Kiishio -o mara nyingi huonyesha kinachotumika kutendea: kifuniko hufunika, kizibo huziba. Basi kigawe ni kile kinachogawika, na kigawo ni kile kinachogawa. Namba 4,294,967,297 ni kigawe cha 641, na 641 ni kigawo cha 4,294,967,297. Aliyefundishwa kanuni hii hahitaji kukariri. Aliyepewa maneno mawili katika orodha bila kanuni atayachanganya mpaka mwisho wa maisha yake, na huyo ndiye mwanafunzi tuliye naye katika madarasa mengi. Kosa si la waundaji. Ni la sisi tunaoyapokea maneno yao bila kuuliza yamejengwaje.

Kipeo na kipeuo

Jozi ya pili ina historia ya namna hiyo hiyo. Kipeo cha pili cha 64 ni 4,096; kipeuo cha pili cha 64 ni 8. Irabu moja imeingia katikati na thamani imeanguka. Lakini irabu hiyo haikuokotwa. Inasomeka vema kama alama ya kauli ya kutendua, ile tunayoikuta katika funga na fungua, ziba na zibua, tega na tegua. Kipeuo hutendua kazi ya kipeo. Lugha chache zina uwezo wa kuonyesha kwa sauti moja kwamba tendo la pili ni utenguzi wa lile la kwanza.

Tuzipe jozi zote mbili kazi kwa pamoja. Upo uthibitisho mfupi kwamba 641 ni kigawo cha 2³² + 1, usiohitaji mgawanyo mrefu. Namba 641 yaweza kuandikwa kwa njia mbili. Kwanza, ni 5 × 2⁷ + 1, yaani 640 na 1. Pili, ni 5⁴ + 2⁴, yaani 625 na 16. Tutumie njia ya kwanza. Namba yoyote ikiongezewa 1, jumla inayopatikana hugawanya bila baki kipeo cha nne cha namba ile kilichopunguzwa 1. Mathalani, 3 + 1 ni 4, na 4 hugawanya 81 − 1, yaani 80. Kwa hiyo 641 hugawanya kipeo cha nne cha 640 kilichopunguzwa 1, yaani 5⁴ × 2²⁸ − 1. Tutumie sasa njia ya pili. Tukizidisha 641 kwa 2²⁸ tunapata 5⁴ × 2²⁸ + 2³², ambayo bila shaka ni kigawe cha 641. Tofauti ya vigawe viwili vya 641 ni kigawe cha 641 pia. Tukiondoa namba ya kwanza katika ya pili, kinachosalia ni 2³² + 1. Uthibitisho umekamilika.

Aya hiyo haikuazima neno lolote nje ya yale ya shule ya msingi. Dosari moja tu imejitokeza: kipeo kimetumika kwa maana mbili. Tunaposema “kipeo cha nne cha 640” tunataja namba iliyopatikana baada ya kuzidisha. Tunaposema 2 imepandishwa “kwa kipeo cha 16” tunataja ile tarakimu ndogo iandikwayo juu. Katika mazoezi ya darasani muktadha hutosha. Katika kitabu cha sekondari au cha chuo, ambamo vipeo vyenyewe hujumlishwa na kuzidishwa, muktadha hautatosha. Hapa ndipo kamati ya istilahi ina kazi ya kweli: neno kipeo lipewe maana moja kati ya hizo, na ya pili ipewe jina lake.

Kuitaja namba

Hata sasa tumeiandika namba yetu kwa tarakimu. Tujaribu kuitaja kwa maneno: bilioni nne, milioni mia mbili tisini na nne, elfu mia tisa sitini na saba, mia mbili tisini na saba. Msomaji aitazame sehemu ya tatu peke yake, nasi tuiandike kama wengi wanavyoitamka: elfu mia tisa na sitini na saba. Ni namba gani hiyo? Yaweza kuwa 967,000. Yaweza pia kuwa 960,007, ikiwa “saba” iko nje ya elfu. Na yaweza kuwa 900,067, ikiwa elfu zimekoma kwenye “mia tisa”. Maneno ni yale yale. Tofauti kati ya tafsiri ya kwanza na ya mwisho ni 66,933.

Mashaka haya hayaondolewi na orodha yoyote ya istilahi, kwa kuwa hakuna neno lililokosekana. Kila neno lipo na linajulikana na mtoto wa darasa la tatu. Kilichokosekana ni mpaka. Katika Kiswahili jina la kundi hutangulia idadi yake, kama jina linavyotangulia sifa: watu watatu, elfu tatu. Utaratibu huo ni wa lugha yenyewe. Lakini kundi la mwisho, la mamia na makumi na mamoja, halina jina la kulitangulia. Kwa hiyo hujibandika kwenye elfu zilizo mbele yake, na neno “na” huunganisha vyote bila kubagua.

Mwenye kuona jambo hili kuwa dogo na afikirie hundi. Katika sheria ya hundi na hawala iliyotungwa Uingereza mwaka 1882, ambayo nchi nyingi zilizotawaliwa na Waingereza ziliirithi, tarakimu na maneno yakitofautiana, maneno ndiyo yanayoshika. Sheria imeyaamini maneno kuliko tarakimu, ilhali kwetu tarakimu 25,000 haina mashaka, na maneno “elfu ishirini na tano” yanaweza kusomwa 20,005. Ni kweli kwamba mazoea humfanya karibu kila mtu aelewe 25,000. Lakini yule anayetaka kweli kuandika 20,005 hana njia ya kuandika ambayo wote wanaikubali, na mkataba haupaswi kutegemea mazoea ya msomaji.

Dawa mbili hutumika. Ya kwanza ni kuligeuza kundi: “ishirini na tano elfu” kwa 25,000, na “ishirini elfu na tano” kwa 20,005. Kwa namba ndogo dawa hii hufaa. Kwa namba kubwa huleta ugonjwa mwingine, kwa maana wengi hugeuza kundi moja na kuacha mengine. Anayesema “milioni nne mia mbili elfu tano” ametuacha tukijiuliza kama elfu ni mia mbili au ni tano. Dawa ya pili ni neno laki, lililotufikia kutoka India. “Laki tisa, elfu sitini na saba” haina mashaka, na sokoni ndivyo isemwavyo. Lakini laki hukata namba mahali ambapo koma zetu hazikati: koma huandikwa kila baada ya tarakimu tatu, na laki huanza kwenye ya sita. Tena laki haimsaidii anayetaja 20,005.

Bilioni

Neno moja zaidi halina budi kutajwa kwa ajili ya watafsiri. Bilioni tuliyoitumia hapa ni milioni elfu moja. Ndivyo ilivyo Marekani, na serikali ya Uingereza ilikubali maana hiyo mwaka 1974. Kabla ya hapo bilioni ya Waingereza ilikuwa milioni mara milioni. Kifaransa bado hutumia neno linalofanana na bilioni kwa milioni mara milioni, na milioni elfu moja huitwa kwa jina jingine kabisa. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na nyaraka za Kifaransa zinazotafsiriwa kwa Kiswahili ni nyingi. Mtafsiri anayefuata sauti ya neno atapunguza bajeti ya watu mara elfu moja.

Mapendekezo

Kutokana na uchunguzi huu tunatoa mapendekezo manne. Kwanza, kila orodha ya istilahi za hisabati iambatane na kanuni ya uundaji wa maneno yake na sentensi moja ya kweli inayoyatumia. Jozi kigawo na kigawe, kipeo na kipeuo zifundishwe kwa viishio na kauli zake, si kwa kukariri. Pili, jina la kundi liendelee kutangulia idadi, wala lisigeuzwe katika maandishi rasmi. Makundi yatengwe kwa koma, na neno laki liachiwe mazungumzo.

Tatu, kundi la mwisho lipewe jina pale linapoweza kumezwa na elfu. Jina hilo tunalo tayari. Walimu wa darasa la kwanza huwafundisha watoto thamani ya nafasi kwa kutaja mamoja, makumi na mamia. Basi 20,005 iandikwe “elfu ishirini, mamoja matano”, na 900,067 iandikwe “elfu mia tisa, mamoja sitini na saba”. Masikioni ni jambo geni kidogo. Lakini ni Kiswahili, na halisomeki kwa namna mbili. Nne, bilioni itafsiriwe daima kwa thamani yake, na mtafsiri aandike tarakimu zote pale inapotokea mara ya kwanza.

Fermat aliziona namba tano zikitii kanuni yake, akaamini kwamba ya sita itatii. Istilahi zetu nazo zimepimwa zaidi kwa namba ndogo, zile za darasani na za sokoni, na kwa namba hizo zimefaulu. Kamati zinazosanifu maneno zina wajibu wa kuzipeleka mbele ya namba kubwa kabla hazijachapishwa, kwa sababu huko ndiko ziliko bajeti, mikataba na mitihani.